Kigoma Yetu Isiyo na Ziwa

Tulipokuwa wadogo kule Heru Juu, Kigoma ilikuwa mbali. Naomba hili lieleweke mapema, maana ndilo lililonizeesha kabla ya wakati wangu. Kigoma ilikuwa mahali walikokwenda watu wengine, kwa miguu au juu ya mizigo ya lori, wakarudi na chumvi, mawese na habari za kuongeza chumvi zaidi. Sisi tulikaa mlimani kwenye baridi, na migomba yetu, mihogo yetu, na ule ukungu wa kiangazi unaoingia mpaka jikoni bila kupiga hodi. Maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona ni ya kijito tulichoteka, ambacho mbuzi alikivuka bila kulowa tumbo.

Sasa nenda Dodoma, nenda Arusha, nenda popote, mtu akuulize unatoka wapi. Sema Kasulu. Atakukodolea macho kama umemtajia kijiji cha ng'ambo. Basi unachoka, unasema Kigoma, na hapo uso wake unachanua: "Aaa, Kigoma! Mwisho wa reli! Ukirudi usinisahau dagaa." Dagaa! Mimi niliyekua nikijua kwamba samaki ni kitu kikavu kinachofika sokoni kikiwa kimeshakata tamaa! Nimeombwa dagaa kwenye harusi, nimeombwa dagaa msibani, nimeombwa migebuka, samaki wa ziwani, na daktari aliyekuwa ananipima presha, na presha ikapanda papo hapo. Yule daktari alishangaa. Mimi sikushangaa.

Wenzangu wa Kasulu, wa Kibondo, wa Gwarama, mliozaliwa miaka yetu, najua mnanielewa. Niliolewa Kibondo, na huko nako nilikuta kilio hichohicho. Shemeji zangu walikuwa na mkoa wao kichwani, na jina lake halikuwa Kigoma. Kisha Kibondo ikagawanywa, Gwarama ikaangukia Kakonko, Kasulu nayo ikakatwakatwa mara hii na mara ile, na kila kipande kikapewa ofisi yake na kibao chake. Lakini basi la kwenda Dar likishavuka Tabora, wote waliomo ni watu wa Kigoma, na kuku aliyefungwa miguu chini ya kiti naye ni wa Kigoma. Hata waliokuja wakikimbia vita Burundi na Kongo, wakalelewa kwenye makambi huku kwetu, wakishapelekwa nchi za baridi huwaambia watoto wao kwamba walikulia Kigoma. Jina limekuwa jamvi la msibani, kila mtu analikalia.

Lakini niwarudishe utotoni kwanza, maana hasira hizi zina mzizi.

Mzizi wa kwanza ni Mwajuma. Darasa la tano tulihamishiwa shule ya Kasulu mjini, tukawa tunashuka mlima alfajiri na kuni kichwani, fagio kwapani na muhogo wa kuchoma mfukoni, na jioni tunaupanda tena. Mwajuma alikuwa binti wa mwenye duka, na baba yake alikuwa mtu wa Ujiji hasa, mwenye kanzu nyeupe na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu. Sisi Kiswahili tulikivaa shuleni pamoja na sare, tukifika nyumbani tunavua vyote viwili. Mwajuma alikilalia na kukiamkia, na hakuacha tusahau.

"Kigoma ni sisi," alituambia siku ya kwanza, mikono kiunoni. "Nyie ni Waha wa milimani. Mmeandikwa tu mkoa wetu kwa huruma."

Nilimrukia. Tulipigana kwenye vumbi jekundu mbele ya mstari, na wote wawili tukachapwa, kisha tukapewa adhabu ya kumwagilia bustani pamoja. Ndivyo urafiki ulivyoanza. Enzi zetu ugomvi ulikuwa na mwisho; watoto wa leo wananuniana kwa simu hata mwaka mzima, na chanzo ni picha ya mtu kula chipsi.

Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Sanga, alitoka Njombe. Huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiumizwa na jina la Kigoma waziwazi. Alipopangiwa kazi aliambiwa "Kigoma", naye kijana wa watu akanunua nyuzi za kuvulia na ndoano za kila ukubwa, akazifunga vizuri kwenye sanduku. Alishuka kwenye lori Kasulu jioni ya baridi, akatazama vilima huku na huku, akamuuliza baba yake Mwajuma ziwa liko upande gani. Wakamwonyesha kwa mkono, wakamwambia safari ni ya siku nzima barabara ikiwa imekubali. Nyuzi zile alizifunga kati ya miembe miwili nyuma ya nyumba ya walimu, akawa anaanikia mashati, na kila shati lilipoanikwa tulijua moyo wake unafikiria nini. Mwajuma alimcheka mpaka akatolewa nje.

Jumamosi Mwajuma alipanda nami Heru Juu. Tulicheza rede kwa mpira wa majani ya migomba, tukaruka kamba, tukajificha kwenye kombolela mpaka tukasahauliwa humo tulimojificha. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyolala, yale yenye supu nzito, tukafuta sahani kwa vidole. Mwajuma alilalamika kwamba kwetu hakuna samaki, kisha akala kuliko mimi. Lakini kabla ya kula ilikuwa lazima amsalimie Bibi, mama yake baba, na hapo ndipo alipopata tabu.

Maana kusalimiana kwetu hakukuwa jambo la kupita nalo. Unamwona mkubwa, unaweka chini ulichobeba. Unainama, wasichana tunakunja magoti, unakutanisha viganja na kuvipigisha taratibu, makofi laini yasiyo na kelele, huku umetazama chini. Mkubwa anasema "Mwakeye", nawe unaitikia huku viganja vinaendelea, anauliza mlivyoamka, mama, mbuzi, mvua, na wewe unajibu kila kimoja wala huondoi viganja mpaka yeye amalize. Mtu mwenye haraka aliweza kulia. Mwajuma alizoea kushika mkono wa mkubwa na shikamoo moja safi, mambo yakaisha. Kwa Bibi alipiga makofi kama yuko kwenye mkutano wa hadhara, na Bibi akawa anamshika viganja na kumfundisha: "Pole pole, mwana wanje, yaani mwanangu. Hufukuzi ndege."

Salamu zikiisha, Bibi alimuuliza swali moja. Alimuuliza kila aliporudi kutoka likizo Ujiji, bila kuruka hata likizo moja. "Huko Kigoma hukumwona Zakaria wangu?"

Zakaria alikuwa mdogo wake baba, kwa hiyo baba yetu mdogo. Sikumwona kamwe, aliondoka nikiwa mgongoni. Nyumbani kwetu mtu akienda kutafuta maisha tulisema "kaenda Kigoma", kwa sababu treni ilipandiwa huko. Kama alikwenda kukata mkonge Tanga, kama alikwenda Morogoro, kama alifia njiani, kwetu sisi kaenda Kigoma. Baba mwenyewe aliwahi kuwa manamba Tanga kabla hajaoa, akarudi na koti zito, baiskeli, na kikohozi. Zakaria alipoliona lile koti, naye akaondoka. Alipita Kasulu, akashuka mpaka stesheni, na Bibi hakusikia tena habari zake.

Basi kwa Bibi, Kigoma ndiyo iliyommeza mwanawe, na huko huko ndiko alikotakiwa kutafutwa. Baba alimweleza mara nyingi kwamba Kigoma ni kituo tu, kijana alipanda treni akaenda mbele. Bibi alimsikiliza vizuri, akaitikia, na siku ya pili akamuuliza mchuuzi wa mawese kama hakumwona Zakaria. Mwajuma naye alichoka. "Bibi, Kigoma kubwa jamani," alisema siku moja, na Bibi akamjibu, "Ndiyo maana nakuuliza wewe unayeijua." Tangu hapo Mwajuma akawa anaahidi kumtazama. Alikuwa mtoto mwenye mdomo, lakini ile ahadi aliitoa kwa adabu, na kila aliporudi alileta jibu lake kama mtu aliyetumwa kweli: amemtazama sokoni, amemtazama stesheni, hajamwona.

Baba naye alijaribu kwa njia yake. Kila kijana aliyekwenda Tanga alipewa salamu za Zakaria. Na hapa ndipo hasira yangu inapopanda mpaka kooni. Kule kwenye mkonge, baba alituambia, hakuna aliyejua Heru wala Kasulu. Mnyapara alikuuliza umetoka wapi mara moja, ukasema Kigoma ili yaishe, na kuanzia siku hiyo jina lako ni Kigoma. "Wee Kigoma, njoo huku." Mtu wa Ujiji aliitwa Kigoma, mtu wa Kibondo aliitwa Kigoma, baba yangu mimi aliitwa Kigoma miaka yote aliyokuwa huko, na aliporudi nyumbani watu wakamwita Mtanga mpaka anazikwa. Sasa vijana walifika na salamu, wakamuulizia Zakaria, hakuna anayemjua Zakaria. Wakaulizia mtu wa Kigoma, wakaonyeshwa makambi mazima. Mmoja alirudi akisema amefikisha salamu kabisa, na kwamba Zakaria amenenepa, ana wake wawili, na amempa salamu ampelekee shangazi yake wa Ujiji. Hatukuwa na shangazi Ujiji.

Bibi alipokaribia kufa aligawa migomba yake. Palikuwa na kipande kizuri kuliko vyote, chini kidogo ya nyumba, penye udongo mweusi na migomba minene. Hicho akasema ni cha Zakaria. Mtu asijenge hapo, mtu asiuze. Tupalilie, tule ndizi zake, lakini tukumbuke tunakula za mtu. Sisi watoto tulilelewa na lile katazo. Tulipocheza kombolela tuliruhusiwa kujificha popote isipokuwa kwa Zakaria, na nakumbuka tulivyopita pembeni yake kwa adabu kama mwenyewe amelala ndani.

Bibi akaondoka, baba akaondoka, kipande kikabaki. Mume wangu alipofariki nilirudi Heru Juu, nikakikuta kinanisubiri na jembe.

Kisha ikaja lami. Sisemi lami ni mbaya. Nimekula vumbi la kunitosha, na nimewahi kulala njiani na maiti kwa sababu lori limezama. Lakini lami ilipokaribia, mdogo wangu Elia akapatwa na ugonjwa ambao sasa umewashika wote: fremu. Kila mwenye ukuta anataka fremu za maduka. Mtu ana eneo la kutosha kuku wawili, anataka fremu tatu na saluni. Elia akapima kwa macho, akaona kipande cha Zakaria ndicho kinachotazama barabara.

"Dada, tunamsubiri nani?" aliniuliza. "Huyo mzee kama yupo ana umri wa kuzikwa mara mbili. Tunapalilia migomba ya marehemu."

"Bibi alisema."

"Bibi alisema, Bibi alisema. Bibi alikuwa anamtafuta mtu Kigoma ambaye yuko Tanga. Hata mahali pa kumtafutia hakupajua."

Liliniuma, maana lilikuwa kweli. Tulibishana msimu mzima wa mvua. Wanangu walikuwa upande wa Elia. Mjukuu wangu Gloria, anayesoma chuo Dar, alinipigia simu kunieleza kwamba ardhi isiyozalisha ni hasara. Huyu Gloria ndiye aliyeweka kwenye simu yake picha ya jua linalozama ziwani, ameandika "nyumbani Kigoma". Nyumbani! Mtoto aliyezaliwa Kibondo, akalelewa kwa maziwa ya Kibondo, ambaye akipelekwa ziwani atamwita mamba mjusi! Nilimuuliza picha kaipiga lini. Akasema, "Bibi, hiyo ni vaibu tu." Mpaka leo sijui vaibu ni nini, ila najua hainiheshimu.

Kiangazi kilipoanza, Elia alichoka kunibembeleza. Asubuhi moja nilisikia panga. Nilitoka na khanga moja nikamkuta yeye na vijana wa kukodi wameshaangusha migomba ya mstari wa mbele, ile ya kando ya barabara, utomvu unachuruzika na majani yamelala kifudifudi. Sina haya kusema nilikaa chini nikalia. Elia hakunitazama. Alisema watapumzika siku mbili, watamalizia Jumatatu, na akaniomba nisilete aibu mbele ya vibarua.

Jumapili, nikiwa natoka kanisani na macho yamevimba, simu ikalia. Alikuwa Mwajuma. Tumezeeka sote, yeye alirudi Ujiji alikoolewa, amejaliwa wajukuu na nyumba ya wapangaji, na hunipigia hasa kunikumbusha kwamba kwao kuna umeme wa uhakika kuliko kwetu.

"We Mha," alisema, "kaa chini."

"Nimesimama barabarani, Mwajuma. Sema."

"Nimemwona Zakaria."

Nilidhani kachanganyikiwa. Nikamwambia asinitanie siku ya leo. Akaniambia nyamaza nisikilize, kisha akaeleza mwenyewe kwa kituo, kama alivyokuwa akimletea Bibi majibu yake.

Alikuwa amepata mpangaji, binti muuguzi aliyehamishiwa huko kutoka Tanga, jina lake Zainabu. Binti huyu alikuwa anamtafuta ndugu wa babu yake. Babu amekwishakufa, lakini maisha yake yote alisema kwao ni Kigoma, basi Zainabu alipopangiwa Kigoma alilia kwa furaha, akaona Mungu kamrudisha. Kila siku ya mapumziko alizunguka Ujiji, Mwanga, mpaka mialoni kwa wavuvi, akiuliza nani anamjua Zakaria. Hakuna. Alianza kuamini babu aliwadanganya. Hata habari za nyumbani kwake hazikufanana na mahali: mzee alisema kwao kuna baridi na ukungu, wakati yeye Zainabu anatoka jasho usiku kucha. Wajukuu walishaamua zamani kwamba mzee alikuwa anachanganya mambo.

Mwajuma hakujua lolote kuhusu huyo babu. Mpangaji wake alikuwa mtu wa kuja na kwenda kazini. Mpaka Ijumaa ile, Zainabu alipoingia uani kumpa habari kwamba anaomba uhamisho arudi Tanga, maana huku hana mtu. Alimkuta mama mkwe wake Mwajuma, bibi kizee kabisa, amekaa mkekani. Zainabu akaweka mkoba chini, akakunja magoti, akakutanisha viganja, akapiga makofi laini.

"Mwenzangu, nilisimama na sufuria mkononi," Mwajuma alisema. "Pole pole vile. Siyo kama yangu. Nikamuuliza nani kakufundisha hivyo? Akasema babu, alikuwa hatukubalii kula mpaka tumsalimie hivyo. Nikamwambia, mwanangu, babu yako si mtu wa huku chini. Huyo ni wa milimani. Anaitwa nani? Akasema Zakaria. Nikamwaga mchuzi."

Nilikaa chini kweli, kwenye lami, na bodaboda akanikwepa akitukana.

Zainabu alikuja Jumatatu kwa basi la asubuhi. Elia nilimwambia usiku wa Jumapili, akanijibu kwamba dunia imejaa matapeli, kwamba Zakaria wako wengi kama mahindi, na kwamba kusikia habari za lami watu hufufua mababu. Alfajiri akaenda na vibarua wake palepale. Sikuwa na nguvu ya kumzuia. Nilichoweza ni kwenda kusimama njiani kumpokea mgeni.

Alishuka binti mrefu, mwenye hijabu ya bluu na sweta la kuazima, anatetemeka. "Shangazi," aliniambia tulipomaliza salamu, "kumbe babu alikuwa na akili zake. Kuna baridi." Akaanza kulia hapohapo, na mimi nikamsaidia.

Tukashuka mpaka kwenye migomba. Elia alikuwa kainua panga mbele ya mgomba mnene wa katikati, kanigeuzia mgongo, na alijua kabisa nani nimekuja naye. Nilifungua mdomo kumtukana. Zainabu akanitangulia. Aliweka mkoba chini kwenye majani yaliyokatwa, akakunja magoti kwenye ule utomvu, akainamisha kichwa, na viganja vyake vikaanza. Kiha hajui hata neno moja.

Elia aligeuka. Namfahamu mdogo wangu. Ni mkaidi tangu tumboni, na nilishamwona akipita wazee bila kuwatazama kwa sababu anaongea na simu. Lakini mtu amepiga magoti mbele yako anakupigia viganja, na wewe ulifundishwa salamu hiyo tangu hujaota meno, utafanya nini? Panga alilishusha, akaliegemeza kwenye mgomba. "Mwakeye," akasema. Akaendelea kama ilivyopasa: mmeamkaje, nyumbani je, baba yako je, safari je. Yote aliyauliza kwa Kiha, na Zainabu, asiyeelewa, akawa anaitikia kwa viganja tu, bila kuvichanganya, mpaka mwisho. Vibarua walivua kofia. Alipomaliza, Elia aliuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Babu yako alikuwa na kovu hapa?" akagusa nyusi.

"Hapa," Zainabu akagusa nyusi ya upande wa pili. "Alisema alirushiwa jembe na kaka yake."

Elia alinitazama. Baba alikuwa akituhadithia lile jembe kila tulipogombana shambani, na kovu Elia alilikosea upande makusudi; mdogo wangu mjanja. Akachukua panga lake, akawaambia vibarua kazi imekwisha, akaondoka kwenda kutafuta jogoo. Migomba aliyoiangusha haikusimama tena, ni kweli, na hata leo upande wa barabara umebaki wazi kama pengo la meno. Anasema ataipanda upya mvua zikija. Namsubiri nione.

Nilibaki na Zainabu kati ya migomba iliyosalia. Nilimwonyesha palipokuwa na nyumba ya Bibi, na jiwe alilokuwa anakalia akichambua maharage, akimuuliza kila mpita njia. Nilitaka kumweleza mengi. Nilitaka kumwambia kwamba enzi zetu mtoto alijua kilima chake, kijito chake, na jina la kila mgomba, lakini wakubwa wetu waliona tabu kuyataja mbele ya mgeni, wakasema Kigoma yaishe. Leo barabara ipo, simu ipo, mtu wa Dar anaweza kuiona Heru Juu kwenye kioo akiwa kitandani, na watoto wetu bado wanasema Kigoma, tena na picha ya ziwa juu yake. Zamani tulikosa njia ya kufika. Siku hizi njia ziko tele na hakuna anayetaja mahali. Bibi alimtafuta mwanawe Kigoma mpaka akafa, na mwanawe akafa akisema Kigoma, na kati yao hakuna aliyekosea kulipenda hilo jina.

Zainabu alikuwa ameshika jani la mgomba, analikunja na kulikunjua. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, umeshafunika barabara. Alitazama vilima mpaka vilipoishia, kila upande, na hapakuwa na tone la maji.

"Shangazi," akasema, "kwa hiyo hii ndiyo Kigoma?"

Maisha yangu yote nimelijibu swali hilo kwa ukali. Nimewasahihisha madaktari, makondakta, mapadre, na mjukuu wangu mwenyewe. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, hapana, hapa ni Heru Juu, Kasulu, Kigoma iko huko chini kwenye joto.

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Kigoma ndiyo hii."